Kutoka pima hadi shibiri: samaki wakubwa wa Pangani wameenda wapi?

Pale Mto Pangani unapoingia baharini, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Bamvua likianza kujaa, chumvi huupanda mto, mkizi huingia kwa makundi, na nyuma ya mkizi hufuata wenye meno. Hiyo ndiyo saa ya mtu wa mshipi. Anasimama maji yakimfika mapajani, mshipi ameukunja kwenye kibao, chambo kipo, chubwi ipo. Anauzungusha hewani mara mbili tatu, anauachia uruke juu ya mawimbi yanayovunjika, kisha anangoja huku uzi ukipita juu ya kidole cha shahada. Katika kazi hii kidole husikia kabla jicho halijaona.

Mtu huyu hana mashua wala injini, na hadaiwi mafuta na tajiri yeyote. Zamani aliweza kurudi nyumbani na samaki mmoja tu begani, mkia ukimpiga kisigino, na nyumba ikala, na jirani akapelekewa kipande. Siku hizi hurudi na mtungo. Mgeni akiuona mtungo husema ni neema, samaki kumi na wawili kwenye ukindu mmoja! Mwenyeji hadanganyiki. Anajua kuwa samaki hutungwa pamoja wanapokuwa wadogo kiasi cha kutostahili kubebwa mmoja mmoja.

Ukitaka kuisoma historia ya bahari hii, wala usianze na takwimu. Muulize mzee yeyote, Pangani mjini au ng'ambo ya mto kule Bweni, kuhusu samaki aliowahi kuwapata, kisha iangalie mikono yake. Watu wa pwani walipima kwa mwili: shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, shibiri mbili ni mkono mmoja, na mikono minne ni pima, yaani mikono yote miwili ikinyoshwa pande mbili. Mzee ataonyesha pima. Mwanawe ataonyesha mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Mjukuu atafungua kiganja.

Wala wazee hawatii chumvi. Kolekole mkubwa, yule anayefukuza mkizi mpaka kwenye povu la ufukwe, huweza kufikia sentimita 170 na uzito wa kilo 80. Hiyo ni karibu pima kamili. Chewa mkubwa kupita wote, anayejificha kwenye mapango ya miamba, hufikia mita 2 na nusu na kuzidi, na uzito wa kilo mia kadhaa. Samaki wa namna hiyo hawakuwa ngano. Ni viumbe waliopata muda wa kukua.

Muda huo ndio uliokatwa, na hapa kuna jambo ambalo mnunuzi wa samaki sokoni halioni. Bahari haipungukiwi kwanza kwa idadi, hupungukiwa kwa kimo. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baada ya miaka, wakishakuwa wakubwa, baadhi yao hugeuka madume. Changu wengi nao ni hivyo hivyo. Ukiwamaliza wakubwa, umewamaliza madume. Na jike kubwa halilingani na majike madogo mawili: samaki aliyemzidi mwenzake urefu mara mbili hutaga mayai mara nane na zaidi. Kwa hiyo mtungo wa changu wasiofika shibiri, hata ukiwa mzito kama samaki mmoja wa zamani, si sawa naye. Wengi wa hao kumi na wawili wamekufa kabla ya kuzaa hata mara moja.

Nani aliwamaliza? Mtu wa mshipi huwa wa kwanza kukana, na kwa kiasi kikubwa ana haki. Ndoana moja humtoa samaki mmoja. Baruti huua mwamba mzima. Kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1960, pwani ya Tanga ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa mabomu zaidi Afrika Mashariki, ingawa sheria iliyapiga marufuku tangu mwaka 1970. Bomu likilipuka, mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki hupasuka. Wachache huelea na kuokotwa, wengine huzama na kuoza bure. Tumbawe lililovunjika huhitaji miongo kusimama tena, na chewa asiye na pango hana nyumba. Ongeza juya, wavu unaokokotwa kutoka pwani na kuzoa kila kilichopo kwenye mchanga na majani, vitoto pamoja na wazazi. Nalo limepigwa marufuku. Nalo linaonekana bado.

Maji ya karibu yalipokonda, nyavu zilikwenda mbali na chini zaidi. Kuanzia mwaka 2003, majarife yaliyotegwa kwenye maji marefu ya pwani ya Tanzania yalianza kunasa samaki wa ajabu, mwenye mapezi kama viungo: silikanti, ambaye ulimwengu wa sayansi ulidhani ametoweka zamani za kale mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Tanga, kijiji cha Kigombe kikiwemo, ilitoa kadhaa kwa muda mfupi. Habari hiyo ilitupa sifa, na mwaka 2009 ikazaa Hifadhi ya Silikanti Tanga, yenye urefu wa kilomita 100 hivi kutoka kaskazini ya mlango wa Pangani mpaka Mafuriko, ng'ambo ya jiji la Tanga. Sifa ni njema. Lakini wavu unaofika kwa silikanti ni wavu uliokimbia njaa ya juu.

Mto nao umebadilika. Unatoka Kilimanjaro na Meru, ukisafiri takribani kilomita 500, na njiani umezuiwa na bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani, mbali na mashamba yanayonywa maji yake. Maji matamu yakipungua, chumvi hupanda juu zaidi, minazi ya kandokando huumia, na mlango wa mto, ambao ni chekechea ya samaki wengi, hubadilika ladha. Kusini-mashariki ya mji, kisiwa cha Maziwe kilichokuwa na mivinje na kasa wakitaga mchangani, kilipoteza miti yake yote kufikia mwanzo wa miaka ya 1980. Leo ni fungu la mchanga linalochungulia maji yakipwa na kuzama yakijaa.

Hatukukaa mikono mitupu. Kuanzia mwaka 1994 mpaka 2007, mpango wa hifadhi ya ukanda wa pwani wa Tanga, uliosaidiwa na Ireland pamoja na shirika la IUCN, uliwakalisha wanavijiji na maofisa mkeka mmoja. Vijiji vikakubaliana kufunga baadhi ya miamba, doria zikaenda, milipuko ikapungua. Baadaye ulinzi ukalegea, mabomu yakarudi. Mwaka 2015, watafiti waliosafiri baharini karibu pwani yote ya nchi kwa siku 31, wakisikiliza chini ya maji kwa vinasa sauti, walihesabu milipuko 318. Miaka iliyofuata vyombo vya dola viliunganisha nguvu, na kishindo kikapungua sana. Somo ni moja: mlinzi akilala, baruti huamka.

Kuna wanaodhani kwamba tukishazuia uovu, samaki watarudi wenyewe. Majirani wa mbali wana jambo la kutuambia. Kwenye fukwe za mashariki ya Marekani yupo samaki ambaye jina lake kwa Kiingereza lina maana ya 'samaki dhaifu', kwa sababu kinywa chake ni laini na hupasuka ndoana ikivutwa kwa pupa. Wavuvi wa mshipi walikesha kwenye mawimbi wakimngoja yule mkubwa. Mwaka 1980 wavuvi wa biashara walitoa zaidi ya tani 15,000 za samaki huyo. Miaka ya 2010 hazikufika tani 300 kwa mwaka. Tangu 2010 mvuvi wa ufukweni kwa kawaida huruhusiwa kubaki na mmoja tu kwa siku. Na bado hawajarudi kama zamani, maana wanasayansi waliona kwamba tangu katikati ya miaka ya 1990 samaki hao wamekuwa wakifa kwa wingi baharini hata bila kuvuliwa. Aliyechelewa kufunga mlango huenda akafunga chumba kitupu.

Sisi tuna mifano ya karibu yenye matumaini. Kisiwa Panza, Pemba, wananchi hufunga maeneo ya pweza kwa miezi kadhaa, na wakifungua huchokoa pweza wazito. Lakini pweza hukua kwa miezi. Chewa hukua kwa miaka. Kijiji kinachofunga mwamba kwa ajili ya chewa kinamwekea akiba mtoto ambaye bado anajifunza kufunga ndoana, na hiyo ni subira ngumu kwa mtu anayedaiwa leo dukani.

Kwa hiyo haifai kumsimamia mvuvi maskini pale ufukweni na kumwambia amrudishe majini kolekole wa kilo thelathini. Huyo ni ada ya shule na paa la nyumba. Waanze wenye nguvu: juya lishikwe, na mwenye juya ashikwe pamoja nalo, kikundi cha ulinzi wa bahari cha kijiji, BMU, kipewe mafuta ya doria, si fulana na semina, miamba michache ifungwe kwa miaka, na isifunguliwe kwa sababu ya uchaguzi wala sikukuu.

Mtu wa mshipi naye ana sehemu yake, kwa kuwa chombo chake ndicho kinachoruhusu hiari. Wavu na baruti haviulizi umri, bali samaki wa ndoana hufika mkononi akiwa hai. Basi ndugu mvuvi, kabla ya kumtunga changu wako, muweke juu ya kiganja. Asipofika shibiri, mrudishe majini. Na wewe mnunuzi unayesimama dikoni na kikapu, pima vilevile kabla ya kulipa, kwani samaki asiyenunuliwa ndiye asiyevuliwa kesho.