Mume Wangu, Mimi na MiG Yenye Nundu

Hivi mwenzangu, mumeo akikuambia anatengeneza ndege ya vita ambayo haijawahi kuwepo duniani, utamjibuje? Wenzetu waume zao wana timu za Uingereza, wengine wana baa. Wangu ana MiG.

Tunaishi Mabatini, hapa Mwanza, nyumba moja na baba mkwe. Meza yetu ya chakula ina watu sita na, tangu Januari, ndege moja. Kwa wasiojua, MiG-21 ni ndege ya kivita ya Kisovieti, na Tanzania ilikuwa nazo wakati wa Vita vya Kagera. Hii ya mezani ni ya kipimo cha 1 kwa 24, yaani mabawa ya mita 7.15 yanakuwa kama sentimita 30. Mwili ni bomba la maji la inchi mbili, ngozi ni makopo ya soda yaliyokatwa na kunyooshwa, na ule mwiba wa puani ni spoku ya baiskeli. Duka la vifaa vya modeli sijawahi kuliona hapa mjini, kwa hiyo vitu vingi vinatoka jikoni kwangu. Niulize mkasi wangu mzuri uko wapi!

Sasa, kinachoifanya isiwe ya kweli ni nundu. MiG-21 ina mbio balaa, ila mafuta yake ni kidogo, haikai angani muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wasovieti walitoa aina ya MiG-21SMT yenye tenki kubwa la mafuta mgongoni. Marubani wakalalamika kuwa haitulii hewani, na nyingi zikapunguzwa nundu baadaye. Mume wangu ameipachika nundu hiyo kwenye ndege ya JWTZ, na herufi JW ubavuni, ili iweze kuzunguka juu ya Ziwa Victoria ikisubiri.

Isubiri nini? Hapo ndipo niliponyamaza.

Mwishoni mwa Machi 1979, jeshi letu likiwa linaelekea Kampala, Gaddafi alimpa Mwalimu Nyerere saa 24 awe ametoa majeshi Uganda. Mwalimu hakutikisika. Ikaja ndege ya Libya, Tupolev Tu-22, kulipua ghala la mafuta hapa Mwanza. (Kwa kipimo cha mume wangu hiyo ingekuwa na urefu wa mita 1.7. Nashukuru hakuichagua.) Mabomu yalikosa shabaha yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Watu wengi wa mjini huisimulia kama kichekesho.

Baba mkwe haisimulii kabisa. Siku zile alikuwa mgambo wa miaka ishirini, yuko Uganda na bunduki. Mke wake, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa hapahapa Mabatini. Habari ilimfikia nusunusu: Mwanza imepigwa. Imepigwa wapi, wamekufa nani, hakuna aliyejua. Hayo nimeyajua mwaka huu, baada ya miaka tisa ya ndoa, na mume wangu naye kayajua mwaka huu. Mzee alikuwa akipita mezani bila neno. Jioni moja akasimama, akaishika ile ndege, akasema nundu imekaa mbele mno. Kisha akavuta kiti.

“Hii ingekuwepo huku,” alimwambia mwanawe, “mimi kule ningelala usingizi.”

Mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa na ile mimba, alikuwa anachambua mchele. Akauliza, “Kumbe ulikuwa hulali?” Mzee akasema, “Ningelalaje?” Miaka zaidi ya arobaini na tano, jamani, na swali hilo ndiyo kwanza linaulizwa!

Sitaki mtu anielewe kwamba kila mwanaume anayejifungia na gundi ana jambo zito moyoni. Wengine wanakwepa tu kuosha vyombo. Na sisi tulishagombana kweli, kwa sababu rangi ya kupuliza ilinunuliwa wiki ya ada. Sasa tuna makubaliano: matumizi ya ndege yana kikomo kwa mwezi, na Jumapili meza ni ya chakula. Ila ukiona mwenzako anahangaika na kitu kisicho na maana kwako, muulize ni cha nani kabla hujakiita uchafu. Mimi nilidhani ni cha mume wangu.

Jumamosi hii wanapaka rangi. Mzee anataka kijani, mwanawe anataka ibaki rangi ya fedha, na mama mkwe anasema wote wawili watoke nje maana harufu inamuumiza kichwa. Nimewapa magazeti ya kutandika. Siyo nakala za jarida hili, nimewaonya.