Datsun 240Z na Subaru Impreza: Lipi Ndilo Gari la Safari?

Wapenzi wa mbio za magari hapa Kampala hawaishi kubishana. Je, gari la kweli la Safari ni Datsun 240Z ya miaka ya 70, au Subaru Impreza ya miaka ya 90? Vijana wengi watakujibu Subaru kabla hujamaliza kuuliza.

Wana sababu. Injini ya Impreza ya mbio ni ya lita 2 yenye turbo, silinda zake nne zimelala, mbili kila upande. Ndiyo maana mngurumo wake hutambulika hata kabla gari halijaonekana. Magurudumu yote manne huvuta, hivyo kwenye tope dereva hukanyaga mafuta pale ambapo wenzake wa zamani walilazimika kupunguza mwendo. Colin McRae wa Scotland alishinda nalo Safari mwaka 1997. Wakati huo nilikuwa nasoma Nakuru, wazazi wangu wakiwa uhamishoni, na darasa zima lilimshangilia McRae.

Nyumbani, hata hivyo, baba alimsifu dereva mwingine: Shekhar Mehta.

Gari la Mehta lilikuwa Datsun 240Z. Lina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili, na magurudumu ya nyuma pekee ndiyo husukuma. Likiteleza, mikono ya dereva ndiyo huliokoa. Lakini halina mambo mengi ya kuharibika, na fundi mwenye spana zake hulielewa upesi. Edgar Herrmann alishinda nalo Safari mwaka 1971.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na familia yake ikahamia Kenya. Miezi michache baadaye, katika Safari ya 1973, Mehta na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, walimaliza wakiwa sawa kabisa kwa alama. Ushindi alipewa Mehta kwa kuwa alikwenda umbali mrefu zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun za aina nyingine. Alifariki mwaka 2006, na rekodi zinamtaja kama dereva wa Kenya.

Tukiyashindanisha magari hayo leo kwenye barabara moja, Impreza itatangulia. Hilo halina ubishi. Spea zake pia ni rahisi kupata kuliko za Datsun hiyo. Lakini mimi nachagua 240Z. Ninyi mnaovusha mizigo Busia na Malaba mnajua kwamba gari zuri ni lile linalofika. Nanyi mliorejea kama mimi mnajua uzito wa kuanza upya ugenini. Mehta alipoteza nyumbani, na hata mwaka haukupita akawa bingwa. Watoto wetu wanaomjua McRae wafundishwe na jina hilo.