Profoma Tatu na Katapila Moja

Ofisi nyingi zinazohamia pembezoni mwa jiji la Dodoma, iwe Ihumwa, Mtumba au Nala, huanza na swali lilelile: nani anauza intaneti kwa bei nafuu? Jibu huja kwa karatasi tatu: profoma ya faiba, ya redio kutoka mnara wa jirani, na ya setilaiti. Meneja anatazama namba iliyo chini kabisa ya kila karatasi, anachukua iliyo ndogo. Mimi ningeitazama namba hiyo mwishoni kabisa. Kufunga njia ya mawasiliano ni gharama ya mara moja. Kuiendesha ni gharama ya kila siku.

Kwanza kodi, maana hapo ndipo wengi hushikwa. Ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano ulikaa kwa miaka mingi kwenye asilimia 17, na VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya bei ambayo tayari imebeba ushuru huo. Kwa hesabu hiyo, profoma ya TSh 1,000,000 "bila kodi" utailipa TSh 1,380,600. Usilinganishe chochote kabla karatasi zote tatu hazijaandikwa upya zikiwa na kodi ndani.

Faiba ndiyo yenye sifa kubwa, na inastahili. Mkongo wa Taifa ulianza kujengwa 2009, unasimamiwa na TTCL, na sehemu nyingine umepitishwa juu ya nguzo kubwa za umeme za TANESCO. Halotel nao walipoingia sokoni 2015 walivuta faiba yao wenyewe hadi wilayani. Kioo kizuri hupoteza mwanga kiasi cha desibeli 0.2 tu kwa kilomita, kwa hiyo moduli mbili za kawaida, moja kila upande, zinaweza kusukuma data kilomita 40 au 80 bila mtambo wowote katikati. Hakuna mnara wa kupaka rangi, wala mvua haimsumbui mtu.

Adui wa faiba Dodoma ni katapila. Tangu Serikali ilipoamua 2016 kuhamia huku, mji haujaacha kuchimbwa: barabara, mabomba, misingi ya majengo. Waya ukikatwa, hauungwi na fundi wa mtaani. Inatakiwa mashine ya kuchomelea kioo, kifaa cha kupima umbali wa mkato, na mtu anayejua waya umepita wapi. Kwa hiyo muulize muuzaji: hiyo mashine iko Dodoma, au inasubiri treni kutoka Dar?

Si kila hitilafu ni mkato, lakini. Niliwahi kusimama nyuma ya fundi kijana katika chumba cha mitambo cha shule moja, intaneti ikiwa imekata tangu asubuhi. Akachomeka mita ya mwanga, ikasoma -29 dBm. Vifaa vingi vya faiba ya mtaani vinaanza kushindwa namba ikishuka chini ya -27. "Mzee, mwanga unafika, ila unafika umechoka," akaniambia. Kumbe waya mwembamba wa manjano ulikuwa umebanwa na mlango wa kabati. Akaunyoosha, akafuta ncha yake kwa kitambaa chenye spiriti, mita ikarudi -21. Kazi ya dakika kumi, lakini shule ilikuwa imempoteza mhasibu wake siku nzima kwenye foleni ya benki.

Redio hudharauliwa bure. Uwanda huu una vilima vya mawe vinavyochomoza kwenye nchi tambarare, na kwa redio hiyo ni neema: mlingoti mfupi juu ya mwamba hufanya kazi ya mnara mrefu bondeni. Ila usimwamini anayekwambia kwamba ukiona mnara kwa macho basi inatosha. Kwa masafa ya 5.8 GHz na umbali wa kilomita 20, wimbi hutanuka katikati ya njia hadi mita 16 hivi kila upande, na mviringo wa dunia nao unainua ardhi karibu mita 6. Mbuyu mmoja uliosimama mahali pabaya unatosha kukupa mtandao unaosumbua kila majani yakichipua. Masafa hayo ya 5.8 ni rahisi kwa bei, na mjini yamejaa. Masafa ya kulipiwa leseni kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, yana gharama, ila hayana mgeni anayekuingilia. Ukipewa yale ya juu, kama 23 GHz, kumbuka kwamba mvua kubwa ya Januari huyafifisha, wakati 5.8 haishtuki.

Kinachoua redio huku ni radi na umeme. Nondo ya athi iliyozikwa kwenye udongo mkavu wa Oktoba ni pambo. Ipimwe wakati huo wa kiangazi, si Machi ardhi ikiwa imelowa. Upande wa umeme, chukua redio, swichi na rauta zinazokula wati 60 kwa pamoja. Kwa mwaka ni uniti 526 hivi, na kwa bei ya TSh 292 ya kundi la T1 ni kama TSh 153,000 kabla ya kodi na tozo. Hapo hakuna tatizo. Tatizo ni betri. Saa nane bila umeme zinataka wati-saa 480. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 inatoa kama 600 usipoikamua zaidi ya nusu, kwa hiyo inatosha, kwenye karatasi. Iweke chini ya bati la Dodoma na kila nyuzi kumi juu ya 25 zitaikata umri kwa nusu. Betri ya lithiamu ni ghali dukani, lakini kwa chumba kisicho na kiyoyozi ningeinunua bila kusita.

Setilaiti ya mbali, ile iliyo kilomita 35,786 juu, huchukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Simu za video huwa za kukatishana maneno. Kwa zahanati iliyojificha milimani Mpwapwa ni afadhali hiyo kuliko kukosa. Kwa setilaiti za chini, hakikisha kwanza TCRA imempa leseni anayekuuzia.

Ningechaguaje? Ofisi ya mjini: faiba ya kuchangia, pamoja na rauta ya 4G ya kampuni nyingine. Ghala la nafaka Kibaigwa: redio, betri nzuri, na akiba ndogo ya laini ya simu. Hospitali: faiba na redio, zikipita njia tofauti kabisa. Kampuni mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa zimekodi mkongo mmoja kwenye mtaro mmoja. Katapila moja linazilaza zote. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, kampuni kadhaa ziliyumba siku moja. Dai ramani ya njia.

Mwisho, mkataba. Ahadi ya asilimia 99.5 inamruhusu muuzaji akuache gizani saa 44 kwa mwaka, 99.9 ni saa 9. Saa hizo zihesabiwe tangu ulipopiga simu, si tangu walipofungua tiketi. Ushahidi uwe wako: programu kama Zabbix au LibreNMS ni za bure, zinakaa kwenye kompyuta ya zamani na kuandika kila dakika mtambo ulipolala na ulipoamka. Na kabla ya kulipa awamu ya mwisho, uwe na nywila za mitambo uliyoinunua, vipimo vya mwanga au mawimbi vya siku ya makabidhiano, na namba ya mtu wa zamu ya usiku. Ipigie saa nane za usiku, kabla hujasaini, uone kama inapokelewa.