Ng'ombe Amezaa Salama, Mbona Hawezi Kusimama?



Nikitembelea vikundi vya hapa Ruiru naulizwa swali moja kila mara. Ng'ombe amezaa vizuri, ndama yuko sawa, maziwa ni mengi, halafu siku ya pili asubuhi mnamkuta amelala chini na haamki. Ni nini? Mimi nilisomea kazi ya ustawi wa jamii, si udaktari wa mifugo. Lakini niliona kikundi kimoja cha akina mama kikipoteza ng'ombe wa gredi waliyemchangia karibu miaka 2, basi nikaenda kuuliza wanaojua.

Siku ile kila mtu alifanya alichojua. Mmoja alipinda mkia, mwingine akachapa kwa fimbo, mwingine akamwaga maji baridi sikioni. Mzee jirani akaleta soda iliyochanganywa na magadi, ng'ombe akanyweshwa kwa nguvu. Wengine wakaanza kunong'ona juu ya jicho la mama fulani, na mpaka leo wawili hao hawasalimiani vizuri. Jioni ng'ombe akafa. Sisi wote tulidhani hataki kusimama.

Tuangalie kwanza mnyama anasimama vipi. Shika mkono wako juu ya kiwiko, halafu ukunje kama unainua mtungi. Utasikia nyama ya mbele ikijaa na kuwa ngumu. Ukinyoosha, ya nyuma ndiyo inajaa. Msuli hauwezi kusukuma, unajua kuvuta tu, kwa hiyo Mungu aliipanga miwili miwili, mmoja wa kukunja na mwingine wa kunyoosha. Ng'ombe akiinuka, misuli mingi ya mapaja, mgongo na mabega huvuta na kulegea kwa zamu.

Anayepanga zamu ni ubongo pamoja na ile kamba nyeupe inayopita ndani ya mifupa ya mgongo, ambayo mmeiona kwa buchari. Kutoka hapo nyuzi za neva hutawanyika mwili mzima kama nyaya za simu, na ujumbe unaopita ndani yake ni aina ya umeme mdogo. Mwitaliano Galvani aliandika habari hizi mwaka 1791, baada ya kuona miguu ya chura aliyekufa ikiruka ilipoguswa na umeme. Sisi pia tumeona. Kuku aliyekatwa kichwa bado hupiga mabawa, maana ile kamba ya mgongo inaweza kutoa amri nyingine bila ubongo. Na nyama ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi hurukaruka ikiwa imetundikwa.

Sasa hapa ndipo penye siri. Waya wa neva haugusani na msuli. Katikati kuna mwanya mdogo sana usioonekana kwa macho. Ujumbe ukifika mwisho wa neva, neva humwaga kemikali kidogo kwenye mwanya huo, nayo ndiyo huuambia msuli uvute. Mlango wa kumwagia kemikali hiyo hufunguliwa na madini ya kalsiamu. Hata ndani ya msuli wenyewe, nyuzi haziwezi kushikana na kuvuta bila kalsiamu. Ikipungua sana, amri inatolewa na ubongo, inasafiri mpaka mlangoni, na inaishia hapo.

Na ng'ombe aliyezaa anaipoteza wapi? Kwa kiwele. Lita 10 za dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, hubeba kama gramu 20 za kalsiamu au zaidi, na damu yote ya ng'ombe ina kama gramu 3 tu kwa wakati mmoja. Akiba kubwa iko kwenye mifupa, lakini ghala hilo halifunguki mara moja, linachukua siku moja au mbili. Kwa ng'ombe aliyezaa mara 3 au zaidi linafunguka polepole zaidi, na Jersey huumia kuliko wengine. Ndiyo sababu wengi huanguka ndani ya siku 3 za kwanza.

Ugonjwa huu tunauita homa ya maziwa. Jina hilo limetudanganya wengi, kwa sababu mwili haupati joto bali hupoa. Mwanzoni ng'ombe hutetemeka na kutembea kama miguu ya nyuma imekauka. Halafu analala kifuani, shingo ameipinda kuelekea ubavuni, masikio baridi, pua kavu, hatoi mavi. Mwishoni analala ubavu kabisa, tumbo linajaa gesi, moyo unachoka. Moyo nao ni msuli, hilo msilisahau.

Koo pia ni msuli. Ng'ombe katika hali hii hawezi kumeza sawasawa, na ukimwaga soda, uji au mafuta mdomoni, yanaingia kwa mapafu. Naamini ile chupa yetu ilisaidia kumwua. Tena kuna sababu nyingine ya kutotia mkono mdomoni: ng'ombe anayetoa mate mengi, sauti imekauka, anashindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa, ambacho virusi vyake husafiri ndani ya neva hizi hizi hadi ubongoni. Muiteni daktari, msiguse mate.

Dawa yenyewe ni ya ajabu. Daktari huweka kalsiamu kwenye mshipa wa damu wa shingo, polepole, kama dakika 10, huku akisikiliza moyo. Ikiingizwa kwa haraka moyo husimama, kwa hiyo si kazi ya jirani mwenye sindano. Nilishuhudia kwa boma lingine: ng'ombe alitetemeka, akapiga mbweu, akatoa mavi, na baada ya muda akasimama mwenyewe. Zamani wazee walipampu hewa ndani ya kiwele. Haukuwa ushirikina. Schmidt, daktari wa mifugo huko Kolding, Denmark, ndiye aliyeanzisha mwaka 1897 matibabu ya kujaza kiwele, kwanza kwa dawa, na wenzake baadaye wakatumia hewa tu. Kiwele kikijaa, maziwa hayatengenezwi, na kalsiamu inabaki kwa damu. Lakini pampu huingiza uchafu, na ugonjwa wa kiwele unafuata.

Msingoje mpaka jioni. Ng'ombe wa kilo 500 akilala saa nyingi juu ya simiti, uzito wake unaponda misuli na neva za mguu wa chini, na hapo hata kalsiamu haitamwinua. Mkimngoja daktari, mpeni matandiko mengi au mumsogeze kwenye udongo laini, mumkalishe kifuani kwa magunia ya nyasi, na mumgeuze upande kila baada ya saa chache.

Kuna anayeanguka kwa sababu nyingine. Ndama mkubwa akivutwa kwa nguvu anaweza kubana neva zinazopita ndani ya nyonga. Huyo masikio ni ya joto, anakula vizuri, lakini miguu ya nyuma inatawanyika kando kama ya chura. Hapo waya ndio umeumia, na daktari huifunga miguu pamoja kwa kamba yenye nafasi ili asipasuke mapaja, kisha ni kungoja neva ipone.

Akina mama waliniuliza kama wangempa ng'ombe chumvi nyingi yenye kalsiamu kabla ya kuzaa. Nilidhani ndivyo, kumbe ni kinyume. Ng'ombe anayepata kalsiamu nyingi wiki 3 za mwisho halihitaji ghala la mifupa, nalo hubaki limefungwa. Chumvi hiyo na majani kama lusani hupunguzwa wakati huo, halafu baada ya kuzaa anapewa tena. Na mkienda kununua ng'ombe mzima, mwulizeni mwenyewe kama alishawahi kuanguka baada ya kuzaa. Aliyeanguka mara moja huanguka tena kwa urahisi, na daktari anafaa ajue tarehe ya kuzaa mapema.