Dave Chappelle: Mchekeshaji aliyezipa kisogo dola milioni 50

MWAKA 2005 kazi ya kurekodi msimu wa tatu wa kipindi cha vichekesho cha Chappelle's Show nchini Marekani ilisimama ghafla. Mwenye kipindi hakuwepo. Dave Chappelle alikuwa amepanda ndege kwenda Afrika Kusini, akiacha nyuma mkataba uliotajwa kuwa wa dola milioni 50.

Wengi walidhani amerukwa na akili. Yeye alikuwa na hesabu yake.

Chappelle, aliyezaliwa Washington mwaka 1973, alianza kuchekesha jukwaani akiwa bado mwanafunzi. Januari 2003 kipindi chake kilianza kuonyeshwa Comedy Central. Katika toleo la kwanza aliigiza kipofu Mweusi anayehubiri chuki dhidi ya Weusi, asijue kwamba naye ni Mweusi. Watu walicheka, na DVD zake zikauzwa kwa mamilioni.

Lakini siku moja, akirekodi kichekesho kingine huku amepakwa rangi nyeusi usoni, alimsikia mtu mmoja mweupe akicheka kwa namna iliyomkera. Alimsimulia Oprah Winfrey mwaka 2006 kwamba alianza kujiuliza kama kazi yake inawadhihaki watu wake mwenyewe. Akaondoka.

Kituo hakikumsubiri. Mwaka huohuo wa 2006 kilirusha vipande vilivyokuwa vimekwisha kurekodiwa.

Chappelle alirudi kwenye majukwaa. Mwaka 2017 maonyesho yake mapya yalianza kutoka Netflix, na mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Mark Twain, heshima kubwa ya wachekeshaji Marekani. Si kila mtu anamshangilia: mwaka 2021 baadhi ya wafanyakazi wa Netflix waliandamana kupinga utani wake kuhusu watu waliobadili jinsia.

Fundisho kwa mfanyabiashara liko mwaka 2020. Kipindi chake cha zamani kilikuwa kikionyeshwa mtandaoni, naye halipwi hata senti. Alieleza kwamba alisaini akiwa na miaka 28, hana fedha, na anatarajia mtoto. Kisheria wenye mkataba walikuwa na haki; yeye alisema si uungwana. Mchuuzi aliyewahi kuuza shehena kwa bei ya kutupa kwa sababu lori limekwama mpakani anaijua hali hiyo.

Hakukimbilia mahakamani. Aliwaomba mashabiki wake wasikitazame. Netflix ikakiondoa, na Februari 2021 alitangaza kwamba amerudishiwa kipindi chake, tena amelipwa mamilioni ya dola.

Alichokuwa nacho mkononi ni wateja waliomwamini. Ila si kila muuzaji ana umati wa kumtetea, na Chappelle mwenyewe alisubiri zaidi ya miaka 15. Kwa wengi wetu ni nafuu kuusoma mkataba kabla ya kuweka saini, hata shida ikiwa mlangoni. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.