Manjano Ile Haikuwa ya SS

Leo nieleze jambo nililolipuuza mimi mwenyewe, tena nimesoma uuguzi.

Yaya yangu ni SS. Katika ugonjwa huo chembe nyekundu za damu huvunjika haraka, na rangi inayobaki huganda kuwa mawe ndani ya kifuko cha nyongo. Ndiyo maana hapa kwetu hata vijana hupasuliwa kifuko hicho. Yaya alipasuliwa mjini, akarudi nyumbani siku ya tatu. Siku ya sita macho yakawa manjano, tumbo likajaa, homa ikapanda. Nikamwambia, "Yaya, hii njo ile ya SS tu, itapita."

Choo ndicho kilinifungua macho: kilikuwa cheupe kama pemba. Manjano ya SS haifanyi choo cheupe. Choo hupata rangi kutoka kwa nyongo. Kikikosa rangi, maana yake nyongo haifiki utumboni.

Inakuwaje? Ini hutuma nyongo utumboni kwa mrija mkuu, na kifuko kimeunganishwa nao kwa mrija mdogo. Munganga anapaswa kukata ule mdogo tu. Kukiwa na uvimbe, mrija mkuu huonekana kama ndio huo mdogo, unakatwa au unabanwa. Kwa upasuaji wa matundu madogo, ulioanzishwa na Erich Mühe huko Ujerumani mwaka 1985, hesabu nyingi zinasema ajali hii huwapata watu 3 hadi 5 katika kila 1,000. Mwaka 1995 Steven Strasberg wa Marekani alieleza kinga yake: usikate kitu mpaka usafishe vizuri na kuona vitu viwili tu vinaingia kwenye kifuko, mrija wake na mshipa wake wa damu.

Matibabu hutegemea jeraha. Tundu dogo likivuja, nyongo hutolewa kwa mpira kupitia ngozi, na kijibomba huwekwa ndani ya mrija kwa mashine yenye kamera inayopitia kinywani. Mrija ukikatika kabisa, kwanza wanakausha tumbo, wanatibu maambukizi, wanapiga picha kujua umekatika wapi. Baadaye kipande cha utumbo mwembamba hushonwa moja kwa moja kwenye mrija wa ini. Kazi hiyo ni ya mutu aliyeizoea. Ikiharakishwa au ikishonwa vibaya, kovu hubana mrija, na ini huanza kuharibika polepole.

Tulimpeleka Yaya Lubumbashi. Alitembea na mfuko wa nyongo ubavuni wiki sita, ndipo akashonwa. Leo anauza sokoni, lakini kila mwaka anapima damu ya ini, sababu kovu linaweza kubana hata baada ya miaka.

Kwa hiyo, mutu wako akipasuliwa kifuko, omba protokoli ya operasio kabla ya kutoka. Homa, tumbo kujaa, macho manjano, choo cheupe: murudishe siku ileile. Mimi nilipoteza siku nne nikimtuliza Yaya kwa maneno.