Makosa ya Kwanza Yaangukie Kitambaa

Hebu jiulize: ukilazwa kesho kwenye kitanda cha upasuaji, ungependa kuwa mtu wa ngapi kushonwa na daktari aliyesimama mbele yako? Wa mia? Wa hamsini? Au wa kwanza kabisa? Swali hili halipendezi, lakini hatuwezi kulikwepa. Kila daktari aliyewahi kuishi alikuwa na mgonjwa wake wa kwanza. Hakuna aliyezaliwa na kisu cha upasuaji mkononi.

Swali hili lina uzito wa pekee kwa watu wa Matete, upande wa kaskazini wa kaunti ya Kakamega. Hii ni nchi ya mahindi na miwa. Panga huteleza shambani, bodaboda huanguka barabarani, na mama mjamzito hushikwa na uchungu usiku wa manane. Hospitali kuu ya rufaa iko mjini Kakamega. Katika kituo cha afya cha mashambani, anayekupokea si profesa aliyezungukwa na wasaidizi. Aghalabu ni tabibu au muuguzi kijana, na pengine usiku huo yuko peke yake. Mwenzake wa mjini akikwama humwita mkubwa wake kutoka chumba cha pili. Huyu wa mashambani ana simu tu mfukoni. Kwa hiyo mikono yake haina budi kuwa imekwisha kujifunza kabla hajapangiwa kazi huko.

Je, itajifunzia wapi? Hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumza leo, hasa na wazazi wenye watoto wanaosomea udaktari, na wanafunzi wenyewe.

TAZAMA, FANYA, FUNDISHA

Kwa miaka mingi upasuaji umefundishwa kwa mtindo unaohusishwa na William Halsted, daktari mashuhuri wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1889. Mwanafunzi huishi karibu na mwalimu wake, humtazama, humsaidia, kisha hukabidhiwa kisu. Madaktari wenyewe huufupisha mtindo huo kwa maneno haya: tazama mara moja, fanya mara moja, kisha mfundishe mwenzako.

Mtindo huo umetoa mabingwa wengi. Hata hivyo, una kasoro moja kubwa: makosa ya kujifunza humwangukia mgonjwa. Tena mwanafunzi hupata tu kile ambacho siku hiyo imeleta. Asipoletwa mgonjwa mwenye utumbo uliojikunja katika miezi yake wodini, ataondoka bila kuuona.

Dawa ya kasoro hiyo ni mwili bandia, yaani kielelezo ambacho mwanafunzi anaweza kukikata, kukishona na kukiharibu bila mtu kulia.

Usidhani huu ni uvumbuzi wa enzi ya kompyuta. Mafundisho ya Sushruta, tabibu wa India ya kale, yanawataka wanafunzi wajizoeze kukata kwenye maboga, matikiti na matango kabla ya kumgusa mgonjwa. Nchini Ufaransa, mkunga Angélique du Coudray alitengeneza mwanasesere wa kitambaa na ngozi, mfano wa nyonga ya mama na mtoto wake. Mwaka 1759 Mfalme Louis wa 15 alimpa kibali cha kuzunguka nchi nzima, naye akafundisha maelfu ya wanawake wa vijijini. Mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Stavanger, Norway, aliyekuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, alitoa mwanasesere wa kufundishia kumpulizia pumzi mtu aliyezirai. Mpaka leo mwanasesere huyo anatumika duniani kote.

KISU CHA AGOSTI

Msomaji wa Kakamega na Bungoma hahitaji kuelezwa kwamba kisu kina mafunzo yake. Ufikapo mwezi wa Agosti katika msimu wa tohara, ngoma na filimbi husikika vijijini, na kila mzazi hutaka kujua ni ngariba gani atakayemshika mwanawe. Hakuna anayemkabidhi mtoto wake mtu asiye na sifa. Mbona basi tusiulize hivyo hivyo hospitalini?

Tohara ya hospitali ni mfano mzuri wa upasuaji mdogo unaofundishika kwa vielelezo. Utafiti uliofanywa Kisumu kati ya mwaka 2002 na 2006 kwa vijana 2,784 ulionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke kwa karibu nusu au zaidi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilianza kampeni ya tohara ya hiari, hasa katika Nyanza. Madaktari peke yao wasingetosha. Ilibidi matabibu na wauguzi wafundishwe kwa wingi: kupima ganzi, kukata pasipo kugusa mahali pasipostahili, kufunga mshipa unaovuja, na kushona. Yote hayo yanaweza kuanzwa kwenye kielelezo cha plastiki au cha kitambaa, mara kumi au ishirini, mpaka vidole vikome kutetemeka.

MAABARA YA SOKONI

Huenda wewe mzazi unawaza: vifaa hivyo si vya bei ghali? Vipo vya ghali, ndiyo. Ziko mashine zenye kompyuta zinazouzwa kwa mamilioni ya shilingi. Lakini mengi ya msingi yanapatikana katika soko lolote, la Matete likiwemo.

Kipande cha sponji ya godoro kikifunikwa kwa kitambaa huwa ngozi na mafuta yaliyo chini yake. Ganda la ndizi hufundisha wepesi wa mkono, kwani ukivuta uzi kwa nguvu linachanika. Mguu wa mbuzi kutoka buchani una ngozi ya kweli ya kushona. Matumbo yake yakisafishwa hufundisha kuunga utumbo: mwanafunzi akimaliza kushona, anamimina maji ndani na kuangalia kama panavuja. (Matumbo hayo yakishatumika yafukiwe, yasirudi jikoni!) Chungwa hufundisha kudunga sindano. Kamba ya kiatu iliyofungwa kwenye mguu wa kiti hufundisha mafundo, nalo fundo baya hujifichua lenyewe kwa kuteleza. Boksi la katoni lenye matundu mawili na kamera ya simu hufundisha upasuaji wa kupitia matundu madogo, ambapo daktari hutazama kioo badala ya kutazama mikono yake.

Lakini kifaa bila mwalimu ni mchezo tu. Walimu wengi hufuata hatua nne. Kwanza, mwalimu hufanya kazi yote kwa mwendo wa kawaida bila kusema neno. Pili, huirudia polepole akieleza. Tatu, mwanafunzi hueleza huku mwalimu akifanya. Nne, mwanafunzi hufanya mwenyewe akieleza kila hatua. Ukiona mwanafunzi anaweza kufanya ila hawezi kueleza, jua bado anaiga tu.

JE, INASAIDIA KWELI?

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji. Nusu yao walizoezwa kwa kompyuta mpaka wakafikia kiwango cha mabingwa. Wengine walifundishwa kwa njia ya kawaida. Kisha wote wakafanya kazi ya kutenga kibofu cha nyongo cha mgonjwa halisi. Wale waliozoezwa kwa kompyuta walimaliza upesi kwa asilimia 29, na wenzao walifanya makosa kiasi cha mara sita zaidi.

Ushahidi wa karibu nasi unatoka hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Manyara, nchini Tanzania. Hapo kazi haikuwa ya kisu bali ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, na kielelezo kilikuwa mwanasesere wa kichanga. Somo lake, hata hivyo, linahusu kazi yoyote ya mikono. Wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja. Miezi baadaye walipopimwa kwa mwanasesere walifanya vizuri, lakini walipomhudumia mtoto halisi mwenendo wao haukuwa umebadilika! Hospitali haikukata tamaa. Iliweka mwanasesere pale pale wodini, wahudumu wakawa wanajizoeza kwa dakika tatu hadi tano kila wiki, na kwa dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Semina moja ya hotelini yenye chai na cheti haitoshi. Kilichookoa watoto wa Haydom ni mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, karibu na kitanda cha mgonjwa. Kielelezo kilichofungiwa kabatini ili kisichafuke hakimsaidii mtu.

NA WEWE UFANYE NINI?

Kama wewe ni mwanafunzi wa udaktari, uwe Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega, Moi kule Eldoret au kwingineko, usingoje maabara kubwa ijengwe. Nunua kamba, tafuta sponji, omba nyuzi zilizopitwa na wakati, na kaa na mwenzako dakika kumi kila jioni. Mwambie ahesabu makosa yako, naye umhesabie yake. Usichoke kufungua fundo na kulifunga upya.

Kama wewe ni mzazi na umemkuta mwanao anashona ganda la ndizi mezani, usimcheke wala usimkemee. Mpishe.

Kama wewe ni mgonjwa, kumbuka kwamba mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya ya Kenya mwaka 2013 unatambua haki yako ya kuelezwa matibabu kabla ya kuyakubali. Uliza kwa heshima: "Daktari, nani atanifanyia upasuaji? Nani atamsimamia?" Mwanafunzi anayesimamiwa vizuri hana sababu ya kuogopwa. Ukimkubali, unawasaidia wagonjwa watakaokuja nyuma yako.

Nao wakuu wa hospitali na vyuo wajue kwamba kielelezo hakichukui nafasi ya mgonjwa wala ya mwalimu. Hakitoki damu kama mtu, hakiogopi, hakina mama anayelia nje ya mlango. Kazi yake ni moja tu: kuhakikisha kwamba kijana anapofika Matete na kuitwa saa nane za usiku, hilo si fundo lake la kwanza.